Klachi inateleza baada ya siku nzima ya matope: imeungua, au kuna kitu nimekosea?

Mwendapole

Wakuu, nahitaji msaada. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu nahisi jibu limo ndani ya maelezo.

Juzi mimi na rafiki yangu tuliingia njia ya msituni ambayo wakati wa ukavu tunaimaliza kwa dakika 40. Safari hii mvua ilikuwa imenyesha siku 3 mfululizo. Tulihangaika kwa muda wa saa 5 na hatukufika mwisho. Pikipiki zetu ni pacha kabisa: cc 250, injini ya kupozwa kwa hewa, gurudumu la mbele inchi 21, la nyuma inchi 18, na tairi za meno za aina moja tulizofunga siku moja. Yeye ananizidi uzito kama kilo 10. Kwa hesabu zangu, wa kuzama alikuwa yeye.

Nikazama mimi. Pabaya zaidi palikuwa bondeni, kwenye udongo wa mfinyanzi unaonata, na matrekta yaliyotangulia yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu. Rafiki yangu aliingia mfereji wa kushoto amesimama kwenye vikanyagio, gia ya pili, mlio wa injini haupandi wala haushuki, akatokea ng'ambo. Nikamfuata mfereji ule ule kwa gia ya kwanza. Katikati nikaona mwendo unakufa, nikafungua mafuta. Gurudumu la nyuma likazunguka bure, likachimba, na pikipiki ikakalia tumbo la injini. Nilishuka nikaiacha. Ilisimama wima yenyewe, bila stendi.

Aliegesha yake, akarudi kwa miguu, tope linamfika katikati ya muundi. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Tulifunga koki ya mafuta, tukailaza ubavu, tukaburuta gurudumu la nyuma kutoka shimoni, tukajaza shimo matawi, ndipo tukaiinua. Baada ya hapo alipitisha mkanda kwenye shokapu za mbele, akawa anavuta, nami natembea ubavuni mwa pikipiki, gia ya kwanza, klachi nusu. Bonde lile peke yake tulifanya hivyo mara 4.

Sasa klachi. Baada ya mara ya tatu, mkono wa klachi ukalegea ghafla. Nikiubana mpaka mwisho, pikipiki bado inasukuma mbele, na nyutro haipatikani mpaka nizime. Nikazungusha nati ya kurekebishia iliyo kwenye usukani hadi ule ulegevu ukaisha. Ikatulia, tukageuza, tukarudi nyumbani.

Jana asubuhi nikaijaribu kwenye lami. Gia ya nne, nikifungua mafuta mlio unapanda lakini mwendo hauongezeki. Je, pleti za klachi zimeungua? Na kwa nini mwenzangu apite na mimi nizame, pikipiki zikiwa sawa?

Kuna jambo linaniuma. Tulipomaliza, mikono ya rafiki yangu ilikuwa inatetemeka hata kushika breki. Alichoka vile kwa ajili yangu. Sitaki kumrudisha kule kabla sijajua nilikosea wapi.

---

FundiOili

Mwendapole, usinunue pleti bado. Soma tena sentensi yako kuhusu ile nati.

Ukitembeza pikipiki kwa klachi nusu muda mrefu, pleti zinasuguana na kupata joto kali. Joto linazitanua, pleti zote kwa pamoja zinakuwa nene kuliko kawaida. Ndiyo maana mkono ulilegea na klachi ikashindwa kuachia vizuri. Wewe ukaukaza waya wakati pleti zimevimba. Usiku zikapoa, zikarudi unene wake, na ule ulegevu ulioutoa ukakosekana kabisa. Tangu hapo ni kama unapanda huku kidole kimebana klachi kidogo kila wakati. Lazima iteleze.

Injini ikiwa baridi kabisa, legeza nati hiyo mpaka upate ulegevu wa milimita 2 hadi 3, ukipima pale mkono wa klachi unapokutana na kishikizo chake, siyo kwenye ncha. Halafu geuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Ulegevu usipotee upande wowote. Ukipotea, waya umepita vibaya mahali.

Mwaga na oili, hata kama ni ya juzi. Klachi yako inaoga ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na unga wa pleti sasa umo humo. Ukiikuta na rangi ya maziwa, maji yameingia. Hapo usiwashe tena mpaka ujue yamepitia wapi. Ikiwa nyeusi tu na inanuka kuungua, weka mpya ujaribu. Ikiteleza hata baada ya hayo, fungua upime unene wa pleti, ulinganishe na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Jambo moja la mwisho. Injini ya hewa inapozwa na yale mapezi yake. Tope likikauka katikati ya mapezi, injini inachemka hata siku ya baridi. Chokonoa kwa kijiti pale pale njiani, usisubiri kufika nyumbani.

---

BintiCheni

Kaka, FundiOili amemaliza upande wa klachi. Mimi naomba nikujibu kuhusu rafiki yako.

Tofauti yenu umeiandika mwenyewe: yeye gia ya pili, wewe ya kwanza. Kwenye mfinyanzi, gia ya kwanza inalipatia gurudumu nguvu nyingi kuliko udongo unavyoweza kushika, kwa hiyo ukigusa mafuta kidogo tu linateleza. Gia ya pili inalainisha ile nguvu. Kasi yako uingie nayo kabla ya tope. Ukiwa ndani huwezi tena kuitafuta, unailinda tu. Ukihisi inakufa, sogeza makalio nyuma, ongeza mafuta kidogo kidogo, na gurudumu likianza kuchimba, funga mafuta hapo hapo. Shimo la inchi 3 unatoka kwa kuisukuma mbele na nyuma. Ukisubiri ikalie injini, ndiyo yale ya kuilaza.

Swali: ukiwa kwenye mfereji, macho yako yalikuwa wapi? Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natazama gurudumu la mbele, kana kwamba nisipolitazama litatoroka. Usukani ukaanza kugonga kuta za mfereji, kushoto, kulia, na kila pigo linakula mwendo. Siku niliyoinua macho nikatazama pale mfereji unapoishia, pikipiki ilinyooka. Mfereji wenyewe unakuongoza, mradi usishindane nao. Usijaribu kupanda ukuta wake katikati ya safari.

Halafu upepo. Uliingia na paundi ngapi? Tairi gumu linajaza tope katikati ya meno, linakuwa kama tairi la kipara. Tairi laini linajikunja, linaachia tope, na linashika eneo pana zaidi. Mimi kwenye mfinyanzi nashuka hadi 13 au 14.

Na angalia madigadi ya mbele. Kama iko chini karibu na tairi, tope linajisokota hapo mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ukisukuma ukiwa chini utadhani breki imenasa.

---

Spoku32

Naunga mkono yote isipokuwa hapo kwenye upepo, na naomba Mwendapole asikimbilie kabla hajakagua kitu kimoja.

Dada, tairi zako za nyuma na mbele zina kile kibanio cha ndani kinachobana tairi kwenye rimu? Kama zinacho, 13 sawa. Kama hakuna na tairi ni la tyubu, ukishusha hivyo tairi linazunguka juu ya rimu kila unapokamua, linaburuta tyubu, na valvu inang'oka. Nilitembea na gurudumu bapa kilomita 9 kwa sababu hiyo, usiku, peke yangu. Pia jiwe moja lililofichwa na tope linatosha kubana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili kama ya kuumwa na nyoka.

Asiye na kibanio aishie 18 hivi, na kila mkipumzika atazame valvu. Ikiwa imesimama wima, endelea. Ikianza kulala upande mmoja, tairi limeshahama.

Na unapoosha, usielekeze maji ya presha kwenye beringi za magurudumu wala kwenye cheni. Presha inasukuma maji na mchanga kupita sili na kutoa grisi. Ndoo na brashi vinatosha. Cheni ikikauka, paka oili siku hiyo hiyo. Kagua na pedi za breki. Siku moja ya tope lenye mchanga inaweza kula pedi nyingi kuliko unavyotarajia.

---

BintiCheni

Spoku32, ninacho nyuma na mbele, na nilipaswa kusema. Asante. Mwendapole, fuata la Spoku32.

---

Mwendapole

Wakuu, nimerudi na majibu.

Klachi: ulegevu ulikuwa sifuri. Mkono ulikuwa umekaza kama uzi wa gitaa. Nimelegeza mpaka milimita 3, oili imetoka nyeusi yenye harufu kali, haina maziwa. Nimeweka mpya, nikaenda lami ile ile, gia ya nne kisha ya tano, nikafungua mafuta yote. Imeshika. Nimepanda mlima mara 2 kuhakikisha, bado imeshika. FundiOili, umeniokolea pesa na wiki nzima ya kusubiri, nakushukuru sana.

Upepo: nilikuwa na 28, ule ule wa barabarani. Nikampigia rafiki yangu kumuuliza wa kwake. Alikuwa na 15, alishusha tulipofika mwanzo wa njia huku mimi nikivaa glavu, akadhani nami nimeshusha. Kibanio anacho nyuma. Mimi sina. Nikaenda kutazama valvu yangu ya nyuma: imelala upande, na huo ni kwa paundi 28! Nimetoa tyubu, na shingo ya valvu imeanza kuchanika. Nimeagiza tyubu nene pamoja na kibanio.

Dada BintiCheni, macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu la mbele. Nilipomsimulia rafiki yangu swali lako, alisema aliliona hilo tangu mfereji wa kwanza, akaona mimi nimeshachoka na hakutaka kunifundisha katikati ya tope. Nimemwomba safari ijayo aniambie papo hapo, hata kwa kelele.

Madigadi ya mbele naipandisha wiki hii. Swali dogo la mwisho: nikifunga kibanio, gurudumu likiwa zito upande mmoja, litatikisika kwenye lami?

---

Spoku32

Litatikisika kidogo ukienda kasi. Funga vipande vidogo vya risasi kwenye spoku za upande wa pili, inua gurudumu, lizungushe, uone linasimama wapi. Likisimama kila mara mahali pengine, umemaliza. Na nati ya kibanio usiikaze mpaka ujaze upepo kwanza ili tairi likae sawa.