Demani ya tanga kuu inanishinda: nitoke nne kwa moja niende sita?

Joshini

Wakuu, habari za majini. Boti yangu ni ya mita 10, ya safari, si ya mashindano. Demani ya tanga kuu, yaani kamba ya kulivuta tanga ndani, imefungwa katikati ya bumu, kama mita 1.9 kutoka mlingotini. (Bumu, ule mti wa chini ya tanga, si bomu, ingawa mwezi uliopita nusura linipasue kichwa.) Inashuka hadi kwenye reli iliyo juu ya paa la kabini, nne kwa moja (makapi yanafanya kilo nne zivutwe kwa nguvu ya kilo moja), kisha kamba inafuata bumu kwenda mbele, inashuka kitakoni mwa mlingoti, inarudi nyuma kupitia kapi la sitaha mpaka kwenye kibano karibu na mlango.

Upepo wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) sina neno. Ukifika 18 nami nabisha, yaani naukabili upepo, nimekwisha. Nakaza mguu ukutani, navuta kwa mikono miwili, inakuja sentimita tano halafu inaganda. Winchi ipo, lakini turubai la kukinga mawimbi limeikalia, mpini haumalizi hata nusu mzunguko. Vidole nimevichuna mpaka basi. Bega la kulia ni bovu tangu zamani, na zamu ya usiku niko peke yangu, mume wangu amelala.

Nataka niongeze makapi iwe sita kwa moja. Kuna ubaya?

Kamba_Mbili

Ubaya upo siku za upepo mwanana. Mimi niliongeza. Kwenye upepo mkali raha tupu, lakini upepo wa nyuma ukiwa mdogo, tanga halikuwa na nguvu ya kuivuta ile kamba yote kupita kwenye makapi. Nalegeza demani, bumu limesimama palepale linanitazama. Nikawa naenda kulisukuma kwa mkono. Mwisho niliyatoa.

Na jiandae na kamba. Bumu likitoka nje kabisa kwa vipimo vyako, kutoka bumuni hadi relini ni kama mita 2.5. Nne kwa moja inakula mita 10, sita inakula 15. Hizo tano za ziada utazikuta miguuni kila ukirudisha tanga ndani.

FundiTanga

Dada Joshini, usinunue kitu kwanza. Hebu tupige hesabu.

Kamba yako inapita magurudumu manne kwenye makapi ya demani, halafu matatu ya kuipindisha: mbele ya bumu, kitakoni, sitahani. Saba. Tuchukulie yamechakaa, kila moja linakula asilimia 10 ya nguvu. Nne kwa moja yako si nne tena, ni mbili na robo hivi. Ukiongeza mawili yaliyochakaa vilevile ukaiita sita, unapata tatu na kidogo. Sasa acha nne kama zilivyo, ila kila gurudumu lile asilimia 3 tu, kama kapi zuri la gololi: unapata karibu tatu na nusu. Yaani nne nzima inaishinda sita mbovu, na hujaongeza hata mita moja ya kamba.

Kupima ni rahisi. Siku isiyo na upepo, tegemeza bumu vizuri kwa henza, ile kamba ya kupandishia tanga. Fungua demani kutoka relini, kapi la chini lining'inizie dumu la maji la lita 20. Hizo ni kilo 20. Nenda kwenye kibano, kiache wazi, funga mizani ya kuning'iniza mizigo kwenye kamba, vuta polepole dumu likiwa linapanda. Kusingekuwa na msuguano ungesoma kilo 5. Ukisoma 6, kapi zako hazina kosa. Ukisoma 9, unajua cha kufanya.

Nahodha_Mstaafu

Hesabu safi, lakini hakuna aliyeuliza tanga lilikuwa na ukubwa gani. Nguvu ya upepo haiongezeki kwa mstari. Kutoka noti 10 hadi 18 mzigo unapita mara tatu ya ule wa mwanzo. Kapi gani litafidia hilo? Mwanangu, ukiwa peke yako usiku punguza tanga mapema, noti 14 au 15, kabla hujatamani kufanya hivyo.

Halafu usivute demani tanga likiwa limejaa. Pandisha omo kidogo kwenye upepo, yaani geuza pua ya boti iuelekee, tanga likianza kupepea upande wa mlingoti vuta haraka, kisha shuka tena. Sekunde tatu. Bega litakushukuru.

BumuRefu

Kwa nini asihamishe demani iende mwisho wa bumu? Akifunga mita 3.6 kutoka mlingotini mzigo unashuka karibu nusu, na bumu halipindwi katikati.

Nahodha_Mstaafu

Na kamba ya kuvuta inaongezeka kwa kiasi hichohicho, na siku tanga likigeuka lenyewe ile demani inafagia pale watu wanapokaa. Nimeona mtu akizolewa shingoni. Kwenye boti ya familia, hapana.

Joshini

Nimerudi na majibu. Dumu limeng'inia, mume wangu ameshika mizani, mimi nahesabu: kilo 11! Tukarudia, 11. Nne kwa moja yangu haifiki hata mbili.

Tukaanza kufungua kapi moja baada ya jingine. Yale ya demani yalikuwa na chumvi tu. Maji ya moto yasiyo na chumvi, yakazunguka. La sitahani ndilo lililokuwa mwizi. Gurudumu la plastiki limepasuka, upande mmoja limelika likawa bapa, kumbe miaka yote kamba ilikuwa inasugua juu yake bila lenyewe kugeuka. Na mwenye boti aliyetangulia aliweka kamba ya milimita 14, labda aone raha mikononi, kwenye makapi ya kamba ya 12. Ilikuwa inajikwaruza kwenye mashavu ya kapi pande zote mbili. Ngozi yake imetoa manyoya kama paka.

Tumeweka gurudumu jipya na kamba ya milimita 10. Mizani: kilo 7. FundiTanga, najua si 6, la kitakoni nalo limelegea, zamu yake inakuja.

Jana upepo noti 17, tanga limepunguzwa mara moja, nikapandisha omo kama alivyosema Mzee Nahodha. Demani imekuja kwa mkono mmoja, wa kushoto.

Makapi ya sita sinunui. Iliyobaki ni winchi na lile turubai. Kuna aliyewahi kulikata akashonea zipu bila maji kuingia kabini?