Mzee amezibwa na mkojo: TURP au apasuliwe tumbo?

MwanaKondele: Habari za jioni. Mzee wangu ana mpira wa mkojo, hii ni wiki ya tatu. Mkojo ulimziba usiku tukiwa nyumbani Ahero, tukamkimbiza Kisumu. Ni tezi dume. Kupasuliwa tumbo tumeambiwa 110,000. TURP, ile ya kupitisha kifaa njia ya mkojo, 210,000. Familia inataka jibu Ijumaa ndipo tuanze mchango. Ipi bora?

NesiMstaafu: Mwanangu, umetupa bei tu. Mzee ana miaka mingapi? Tezi ina gramu ngapi kwenye ultrasaundi? Presha, kisukari? Kuna dawa ya kuzuia damu kuganda anayomeza? Figo na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, zimepimwa?

Mkulima_Njoro: TURP, ndugu yangu. Mimi nilifanyiwa 2021. Tumbo halikuguswa, tezi ilikwanguliwa kwa ndani. Siku ya tatu mpira ukatoka, ya nne niko nyumbani. Jirani yangu aliyepasuliwa alikaa siku tisa. Kitanda, chakula na nauli ya anayemuuguza, ongeza hayo kwenye 110,000 yako. Ila ajue mapema kwamba mbegu za kiume huenda zikarudi kwenye kibofu badala ya kutoka. Mimi niliambiwa kabla, nikakubali.

BintiMumias: Baba yangu alifanyiwa hiyo hiyo TURP. Usiku wa pili nilikuwa kando ya kitanda. Mkojo mfukoni ulikuwa kama chai ya rangi, ukawa mwekundu, kisha ukaacha kushuka. Maji ya kusafisha kibofu bado yanaingia, hakuna kinachotoka. Tumbo la chini likawa gumu, baba anang'ata shuka. Nesi alikuwa mmoja, wodi nzima. Daktari alifika saa tisa usiku, akavuta mabonge ya damu kwa bomba kubwa la sindano. Nilihesabu kumi na moja. Akaongezwa damu, bili ikafika 290,000. Aspirini alikuwa anameza kila siku na hakuna aliyetuuliza. Miezi minane baadaye njia ya mkojo ikaota kovu, akarudi kupanuliwa.

Mkulima_Njoro: Pole dada. Lakini hiyo ni hospitali, si TURP.

BintiMumias: Na huyu mzee atafanyiwa wapi kama si hospitali? Uliza usiku nani yuko wodini.

Fundi_Bungoma: SHA, bima ya afya ya serikali, mmelipa? Ile ya zamani, NHIF, iliisha Oktoba 2024, na sisi tusio na ajira ya mshahara tuliambiwa tulipe mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Sisi tulilipa mama akiwa tayari kitandani, tukahangaika sana. Pia mjomba alitumia mbegu za maboga, akapata nafuu.

NesiMstaafu: Mbegu za maboga ni chakula, ale tu. Mkojo uliokwisha kuziba hauzibuliwi na mbegu. Kuhusu SHA, hospitali iwaandikie italipiwa kiasi gani kabla hamjachanga.

MwanaKondele: Asanteni. Ana miaka 74, presha, na aspirini anameza tangu 2019. Ultrasaundi inasema gramu 96. PSA bado.

NesiMstaafu: Sasa tunaongea. TURP huwa ya tezi ya gramu 30 hadi 80 hivi. Ikizidi hapo madaktari wengi hupasua, au hutumia leza palipo nayo. Kukwangua tezi kubwa huchukua muda, damu hutoka zaidi. Na kama mashine ni ya zamani, isiyotumia maji ya chumvi, maji yanaweza kuingia kwenye damu na kushusha sodiamu, chumvi ya damuni. Uliza wana mashine gani. Aspirini msiikatishe wenyewe. PSA ikija juu msishtuke, kuziba na mpira huipandisha.

Mkulima_Njoro: Yangu ilikuwa gramu 52. Hapo kwa 96 sina la kusema.

BintiMumias: Mzee mwenyewe anasemaje?

MwanaKondele: Anataka mpira utoke, basi. Jana kulikuwa na matanga kwa jirani, hakwenda. Alifunika mfuko kwa leso ya mama akaketi nyuma ya nyumba.

NesiMstaafu: Kuna mfuko mdogo wa kufunga pajani, unakaa ndani ya suruali. Uliza chemisti kubwa za Kisumu. Usiku mrudishie ule mkubwa.

MwanaKondele: Sikujua. Nitautafuta kesho asubuhi. La upasuaji bado, daktari tunamwona Alhamisi.