Wazazi na Majirani, Mnazi Mkavu

Jumanne, 29 Oktoba 2024

16:08 Mama Zuhura: Asalaam alaykum wazazi wenzangu. NECTA, baraza la mitihani, wametoa matokeo ya darasa la saba. Fungua mkoa wa Tanga, halmashauri, kisha shule. Asiye na bando aje kwangu, simu ipo.

16:09 Mama Zuhura: Kila akishaona aandike "nimeona", nijue tuko wangapi.

16:31 Baba Rehema: Nimeona. Alhamdulillah.

16:33 Mjomba Side: Hongera shemeji!! Pilau lini?

16:34 Baba Rehema: Jumamosi inshallah 😂

16:36 Mama Shaibu: Nimeona. Samahani, kuna aliyemwona Shaibu? Katoka tangu adhuhuri.

16:36 Mjomba Side: Pilau la kuku au la ng'ombe? Tuweke kumbukumbu mapema

16:37 Baba Rehema: La kuku wa Side, yule anayeniwikia saa tisa usiku

16:37 Mjomba Side: 😂😂😂 Huyo simtoi

16:40 Mama Zuhura: Jamani. Watu arobaini na mbili humu, walioandika "nimeona" ni wawili.

16:52 Mama Zuhura: Haya, naandika mwenyewe. Wametangaza nchi nzima wamefaulu asilimia 80.87. Tumshukuru Mungu. Sasa rudini kwenye orodha ya kwetu, msiishie kwenye wastani. Someni somo kwa somo. Kiswahili A na B zimejaa. Uraia na Maadili safi. Teremka na safu ya Kiingereza: E, D, E, E, D, E. Nimeteremka nayo kwa kidole mpaka mwisho, nimekuta C nne. Hisabati haiko mbali na hapo.

16:54 Baba Mwanahamisi: Tumekuwa wa ngapi kitaifa?

16:55 Mama Zuhura: NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, Baba Mwanahamisi. Na hata wangetangaza, wewe ungetafuta jina letu kule?

16:57 Baba Mwanahamisi: Nimeuliza tu.

17:03 Mama Zuhura: Masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Ukifika 121 umefaulu. Kwa hiyo mtoto akipata 45 Kiswahili, 38 Uraia, 30 Maarifa ya Jamii, 28 Sayansi, halafu 9 Hisabati na 8 Kiingereza, jumla 158. Ana C. Kafaulu. Tunapika.

17:04 Mama Zuhura: Zuhura wangu ana C. Kiingereza E. E ni kumi kushuka chini. Januari anaingia kidato cha kwanza, Biolojia kwa Kiingereza, Jiografia kwa Kiingereza. Nimempa simu asome maelezo ya tovuti, kasoma herufi moja moja kama anahesabu shanga. Kisha kaniuliza, mama, kwani sijafaulu? Nikashindwa kumjibu.

17:10 Mjomba Side: Wapelekwe Pangani kwa watalii, mwezi mmoja wanarudi na yes yes 😂

17:11 Mama Shaibu: Nimeuliza kuhusu Shaibu jamani. Saa kumi na moja hii.

17:12 Mama Zuhura: Uwiii, nisamehe mdogo wangu, ujumbe wako ulipanda juu sikuuona. Aliyeko nje amtafute! Side, acha utani, toka na pikipiki.

17:12 Mjomba Side: Natoka.

17:13 Mama Shaibu: Aliona matokeo kwenye simu ya rafiki yake. Akaja akavua shati la shule, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya sanduku langu. Hakusema neno.

18:26 Mjomba Side: Tumempata. Deep Sea, ndani ya ngalawa ya Hemedi, kajifunika tanga. Mzima. Anasema haendi nyumbani.

18:27 Mama Shaibu: Alhamdulillah. Alhamdulillah.

18:29 Kaka Hemedi: Muacheni kwanza hapa kwangu. Nimempa chai na mkate.

20:15 Mama Zuhura: Kwa hili la leo ndiyo sinyamazi. Hawa Kiingereza walikianza darasa la tatu, la kwanza na la pili ilikuwa KKK tu, kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu wa somo ni mmoja kwa madarasa matano, akiugua kimeugua Kiingereza chote. Jumamosi tarehe 2 tukae, twende na hoja moja kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Hatuendi kugombana.

20:17 Mama Zuhura: Wenye watoto wa darasa la tatu na la nne msijifiche, hili lenu zaidi. Kwa mtaala mpya, la tatu wa mwaka huu wanamaliza wakiwa la sita. La nne wanamaliza la saba. Wote 2027! Madarasa mawili yanagombea madawati ya kidato cha kwanza mwaka mmoja. Wa la nne wametoka kwenye upimaji wao juzi tu, nani kamuuliza mwanawe swali gani lilimshinda?

20:18 Mama Zuhura: Napendekeza kila mzazi 5,000 kwa mwezi, tumlipe kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, jioni, siku tatu kwa wiki.

20:44 Baba Mwanahamisi: Michango tena. Elimu bila malipo tangu 2016, mchango ni hiari. Na kabla ya huo, ule wa karatasi na wino wa mitihani ya majaribio 2022 uliishia wapi? Kumi kumi tulitoa. Karatasi hatukuiona.

20:45 *Ujumbe huu umefutwa*

20:46 Baba Mwanahamisi: Umefuta lakini nimesoma.

20:49 Baba Kassim: Miaka miwili mnanizungukia. Kama ni mimi, taja jina.

20:50 Baba Mwanahamisi: Mweka hazina alikuwa nani?

20:51 Baba Kassim: Nilikuwa mimi. Na sitasema zaidi ya hapo.

20:51 Mama Zuhura: Tafadhalini. Hilo tuliahidiana halirudi humu.

20:58 Baba Mwanahamisi: Lisiporudi humu litarudi wapi? Mwanangu alifanya majaribio kwa kunakili maswali ubaoni.

Jumatano, 30 Oktoba 2024

06:20 Saumu wa Bi Mwanaidi: Shikamooni. Bibi jana nilimsomea yote. Anasema niandike anavyosema, nisipunguze.

06:24 Saumu wa Bi Mwanaidi: "Hela ile ilinunua sanda na mbao za mume wangu. Kassim alinijia usiku na bahasha, nyumba haina hata sukari, maiti ndani. Nikapokea. Nikamwapisha asiseme, kwa kuwa Mzee hakuwahi kula cha mtu. Basi kosa ni langu, na watoto wenu walinakili ubaoni kwa ajili yangu. Kassim mmemsema miaka miwili mimi nasikia, nikanyamaza. Hilo nalo kosa langu. Mwenye kumdai anidai mimi. Na Shaibu asipigwe, asitukanwe. Mleteni ale kwangu. Mkikaa, kaeni uani kwangu."

06:25 Saumu wa Bi Mwanaidi: Ndiyo mwisho. Kaingia ndani.

07:02 Mama Zuhura: Tumesikia Bibi. Shikamoo.

07:40 Mama Shaibu: Shikamoo Bibi. Namleta baada ya alasiri.

09:15 Baba Mwanahamisi: Bibi, hudaiwi kitu. Baba Kassim, nakuja dukani kwako leo. Si maneno ya kuandika.

11:47 Baba Kassim: Karibu.

13:30 Kaka Hemedi: Shaibu kanisaidia kufunga mashine asubuhi, mkono wake mwepesi. Nitaulizia VETA, chuo cha ufundi, masharti yao. Siahidi.

13:34 Mama Shaibu: Allah akulipe kaka.

16:05 Mama Zuhura: Basi Jumamosi tarehe 2, uani kwa Bibi. Saa ngapi?

16:50 Baba Rehema: Jumamosi ndiyo pilau la Rehema, dada, baada ya adhuhuri. Na nilishaalika.

16:52 Mama Zuhura: Basi baada ya alasiri.

17:20 Mama Mwanahamisi: Sisi tuna msiba Muheza, labda turudi magharibi.

17:31 Mama Zuhura: Yule kijana mwalimu anasema anaweza Jumatatu na Alhamisi tu, na anataka darasa lenye umeme. 5,000 wangapi wanaweza? Jibuni hata kwa nambari.

18:10 Mjomba Side: Mimi sina mtoto ila niandike. Ya Shaibu pia niandike mimi.

18:12 Mama Zuhura: Ahsante Side. Mmoja, wawili na wangu. Watatu.

19:04 Baba Kassim: Wanne. Hela asishike mtu mmoja.

19:06 Mama Zuhura: Sawa kaka. Wawili watashika, na daftari likae kwa Bibi.

21:48 Mama Zuhura: Wengine?

Alhamisi, 31 Oktoba 2024

05:51 Mama Nasra: Nimeona.