Tupeane uzoefu: uwezo wa vita uliomtungia mchezaji ukavuruga meza nzima

Mrusha Dadu (mwanzilishi wa mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wetu sisi tunaocheza michezo ya mezani ya kuigiza mashujaa, Dungeons & Dragons na jamii yake, hasa tunaoendesha mchezo na kuwatungia wachezaji uwezo ambao haumo kitabuni. Leta kisa chako: ulitunga nini, kikaharibika wapi, ukakitengeneza vipi.

Naanza na changu. Mpiga upanga wa ngazi ya 5 aliniomba upanga wenye radi. Nikamwandikia hivi: kila pigo likiingia, adui arushe dadu ya kujinusuru; akishindwa anapigwa ganzi na kupoteza zamu yake inayofuata. Madhara, yaani pointi za uhai anazopoteza aliyepigwa, sikuyaongeza hata pointi moja, kwa hiyo niliamini hakuna cha kuhofia.

Siku ya pambano kubwa nikaandaa zimwi moja lenye pointi za uhai 150. Raundi ya kwanza, ganzi. Ya pili, ganzi. Ya tatu likapata zamu, likarusha rungu, likakosa. Ya nne, ganzi tena. Likafa bila kumgusa mtu. Wachezaji wengine watatu hawakushangilia. Mmoja alikuwa anazipanga dadu zake kwa rangi.

Hesabu niliipiga baadaye. Jamaa anapiga mara mbili kwa zamu, pigo lake huingia kwa asilimia 65, na zimwi lilikuwa linashindwa kujinusuru nusu ya nyakati. Kila pigo basi lina asilimia 32.5 ya kuleta ganzi, na mapigo mawili kwa pamoja yanafika kama 54. Zimwi lina zamu moja dhidi ya zamu nne za mashujaa, na hiyo moja nimempa mtu mmoja ruhusa ya kuinyang'anya zaidi ya nusu ya raundi zote.

Tangu hapo, uwezo ukiletwa mezani kwangu siulizi kwanza unatoa madhara kiasi gani. Nauliza nani anapoteza zamu na nani anaongezewa. Upanga ule sasa unamzuia adui asijibu mapigo hadi zamu yake ifike, na ganzi kamili huja mara moja tu, mpaka wapumzike ndipo irudi. Mwenyewe bado anaupenda.

Jambia la Usiku

Mkuu, kwangu ilikuwa pigo la hatari, lile la dadu ya pande 20 kuonyesha 20. Nilimpa muuaji wa kivuli jambia linalohesabu pigo la hatari kuanzia 18. Asilimia 5 ikawa 15, nikaona ni zawadi ya kawaida.

Nilichosahau ni mwenzake, mpiganaji mwenye ngao anayewaangusha maadui chini. Adui akiwa chini, anayempiga kwa karibu anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Hapo 15 inakuwa karibu 28. Na muuaji wa kivuli ana rundo la dadu za shambulio la kuvizia, ambazo zote huongezeka maradufu pigo la hatari likitokea. Jambia peke yake lilikuwa salama kabisa. Lililoniangusha ni ngao ya mtu mwingine.

Sasa kabla ya kukubali uwezo wowote, naweka mbele yangu karatasi za wahusika wote, siyo ya aliyeomba tu.

Mlinzi wa Lango

Upanga unaonyonya damu. Unarudishiwa nusu ya madhara uliyotoa kama pointi za uhai. Vitani haukuwa na shida kubwa. Shida ilianza baada ya vita: mchezaji akanunua tundu lililojaa panya, akalibeba mgongoni, na kila pambano likiisha anachinja panya mmoja mmoja mpaka apone.

Simlaumu, maandishi yangu yalimruhusu. Nilirekebisha mambo mawili: madhara yanayohesabiwa hayawezi kuzidi pointi za uhai alizokuwa nazo aliyepigwa, na kinachopatikana ni uhai wa muda ambao haulimbikizani. Panya wakaachiliwa siku hiyo hiyo.

Mwanga wa Saba

Nataka tuzungumzie upande wa pili pia, maana tunalalamikia uwezo uliozidi na kuusahau uliopungua. Mezani kwangu kuna binti anayecheza mlinzi wa hekalu. Nilimtungia ngao ya nuru: anatumia zamu yake nzima, na mwenzake aliye karibu anapunguziwa madhara kwa dadu moja ya pande 6. Wastani wake ni 3.5. Mazimwi tuliyokuwa tunapigana nayo yalikuwa yanapiga 15 kwenda juu.

Aliutumia mara mbili. Baada ya hapo hakuutaja tena, na hakulalamika. Miezi ikapita ndipo nikaona kwenye karatasi yake ameukwangua kwa kalamu. Iliniuma sana, kwa sababu ndio uwezo aliouomba kwa hamu kuliko wote. Uwezo uliozidi utausikia, meza yote itapiga kelele. Uliopungua unakufa kimya, usipouuliza wewe hakuna atakayekuambia.

Tuliuandika upya tukiwa wawili. Sasa anautumia nje ya zamu yake, pale mwenzake anapopigwa, kwa dadu ya pande 10 ukijumlisha ngazi yake. Pambano lililofuata alimwokoa mchawi wetu aliyekuwa amebakiwa na pointi 4.

Kibuyu Kitupu

Ushauri mfupi kwa wanaotunga uchawi wa kupiga eneo: msichukue uchawi wa Mpira wa Moto (Fireball) kama kipimo. Katika toleo la 5 unatoa dadu 8 za pande 6, wastani 28, na wengi tunadhani ndiyo kawaida ya uchawi wa ngazi ya 3. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kina jedwali la watunzi, na kwa ngazi hiyo kinapendekeza dadu 6 kwa uchawi unaopiga wengi, wastani 21. Mpira wa Moto umezidi jedwali. Mimi nilianzia kwenye Mpira wa Moto nikaongeza "kidogo", nikafika dadu 10, na kundi zima la majambazi likawa majivu kabla hata halijachomoa panga.

Jambia la Usiku

Mrusha Dadu, kwa hoja yako ya zamu, mfufua wafu mnamfanyaje? Wangu ana mifupa 8, yaani wafu aliowafufua wampiganie, kila mmoja na zamu yake. Tunasubiri mpaka tunasinzia.

Mrusha Dadu

Mifupa minne naihesabu kundi moja: zamu moja, dadu moja ya kupiga, pigo moja la pamoja. Ikibaki miwili, madhara yanashuka nusu. Yote inatembea kwenye zamu ya mfufuaji mwenyewe, na kuiamuru kunamgharimu tendo lake dogo la zamu hiyo. Tulikubaliana mapema kwamba ni majaribio ya vikao vitatu, kisha meza nzima iseme. Kikao cha pili yeye mwenyewe ndiye aliyeomba tubaki hivyo.