Wauzaji wa nyuzi, acheni kutuuzia akriliki kwa jina la pamba

Ndugu wafumaji wenzangu, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu hasara niliyoipata wiki hii haikutokana na uzembe wangu, bali na uongo uliochapwa kwenye lebo ya uzi: akriliki, yaani uzi wa plastiki, iliyoitwa pamba.

Mimi hufuma nguo za watoto wachanga, na uzi huutia rangi mwenyewe nyumbani Mbagala. Nilinunua Kariakoo madonge 20 ya uzi mweupe ambao lebo yake ilisema ni pamba asilimia 100. Nilimuuliza muuzaji mara mbili, akaniapia kuwa ndiyo, na bei aliyonitoza ilikuwa ya pamba.

Niliufungua uzi wote, nikauzungushia mgongo wa kiti, nikaufunga kwa kulegeza sehemu nne ili usijisokote, nikaufua, nikauloweka katika maji ya soda ashi, unga unaoisaidia rangi kushika kwenye pamba, kisha nikautia rangi ya bluu iliyo maalumu kwa pamba. Rangi ya aina hiyo haihitaji kuchemshwa. Joto la Dar es Salaam linaitosha, mradi beseni lifunikwe, uzi usikauke, na uachwe hadi kesho yake. Asubuhi nilipoanza kuusuuza, bluu yote ilitiririka. Nilibadilisha maji ndoo ya tatu, ya tano, ya nane, na maji yalipotakata, uzi nao ulikuwa umebaki na weupe uliochafuka, kama kanzu iliyofuliwa pamoja na jinzi.

Ndipo nilipokata kipande chenye urefu wa kidole, nikakishika kwa kibano na kukiwasha kwa kiberiti mlangoni. Pamba huungua na kunuka kama karatasi, ikaacha jivu jepesi linalosagika vidoleni, na sufu hunuka nywele zilizoungua. Uzi huu uliwaka haraka huku ukiyeyuka, ukatoa moshi mweusi wenye harufu kali na kuacha kishanga cheusi kigumu. Hiyo ni akriliki, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, na rangi ya pamba haina pa kushika humo hata ukiiloweka mwezi mzima.

Nilikifunga kile kishanga kwenye karatasi nikarudi nacho dukani. Muuzaji hakukitazama. Alisema rangi yangu ndiyo mbovu, na kwamba uzi uliokwisha kulowa haurudishwi. Sasa ningeujuaje kabla ya kuulowesha, ikiwa lebo na mwenye duka wote wananidanganya?

Sina ugomvi na akriliki yenyewe. Anayeihitaji ainunue kwa jina lake na kwa bei yake. Kinachoniuma ni kuuziwa plastiki kwa bei ya pamba katika nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga, tena kwa ajili ya kichanga ambaye angevalishwa nguo isiyofyonza jasho katika joto la mji huu.

Fedha ya uzi, rangi na soda ashi imekwenda, na mteja wangu anaisubiri kazi yake Jumamosi. Wauzaji mnaosoma hapa, ruhusuni mteja akate kipande na kukichoma nje ya duka kabla hajalipa. Na ndugu yeyote anayelijua duka la Dar es Salaam linalokubali jambo hilo, naomba anielekeze, nami nitalifuata hata kama liko Bunju.