Tupeane uzoefu: Wewe uliyeokoka, vita ya roho na mwili unaipiganaje?

Mwanzisha mada:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimeandika baada ya Warumi 7 kusomwa kanisani kwetu, pale Mtume Paulo anapokiri kwamba jema analolipenda halitendi, bali baya asilolipenda ndilo analolitenda. Mhubiri alipita haraka akaingia sura ya 8, lakini mimi nilibaki palepale, kwa sababu hayo ndiyo maisha yangu. Asubuhi ninaomba kwa moyo mweupe, na usiku ninafungua kwenye simu picha ambazo niliapa kwamba sitazitazama tena. Sitafuti wa kunihukumu wala wa kunibembeleza. Ninaomba kusikia kutoka kwa wanaopigana vita hii: ni saa ngapi mwili unawashinda, na ni nini kimewasaidia kusimama?

Mama Mjane:
Mwanangu, watu wakisikia tamaa za mwili huwaza uasherati peke yake, ilhali katika Wagalatia 5 uadui, ugomvi, wivu na hasira vimo katika orodha ileile. Vita yangu mimi ni chuki. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu mmoja alikuja kubeba vitu kabla hata matanga hayajaanuliwa, akachukua na cherehani niliyokuwa nikilishia watoto. Nimemsamehe kwa kinywa mara nyingi, mbele ya mchungaji na mbele ya wazee wa ukoo. Kisha siku moja nikaletewa habari kwamba anaumwa sana, na jambo la kwanza lililoingia moyoni mwangu, kabla sijasema pole, lilikuwa furaha. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua, nikiogopa kile nilichokiona ndani yangu, mimi ninayeongoza maombi ya akina mama. Nilimpelekea uji, na njia nzima sikuwa nikitaka kwenda. Msinieleze kwamba chuki ikishasamehewa huondoka yenyewe.

Dada wa Jumuiya:
Mama, furaha ya namna hiyo ninaijua, na sijawahi kusikia mtu akiitolea ushuhuda.

Mweka Hazina:
Nilikuwa nimeamua kusoma tu bila kuandika, lakini maneno ya mama yamenitoa nilikojificha. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya, na michango ya sare ilikuwa ikitumwa kwenye laini yangu. Nilikuwa nimeacha kubeti baada ya kuokoka na nikashuhudia jambo hilo mbele ya watu. Jumamosi moja, tukisubiri mazoezi yaanze, vijana walikuwa wakionyeshana mikeka yao ya kubeti, nami nikawakemea kwa Neno. Usiku nikasuka mkeka wangu mwenyewe, wa fedha kidogo, nao ukajibu. Ningepoteza siku ile pengine ningeishia pale. Wiki zilizofuata kila mkeka ulichanika kwa timu moja, nami nikawa ninachukua kwenye fedha ya sare ili kurudisha ile niliyokwisha kuichukua, mpaka shilingi 400,000 zikaisha. Kilichonitisha zaidi ni kwamba sikuacha kuomba. Nilikuwa nikipiga magoti, ninalia machozi ya kweli, kisha katika magoti hayohayo ninaweka namba ya siri. Mwenyekiti alipoulizia fedha ili fundi alipwe, nilijibu kwamba mtandao unasumbua, halafu nikasimama kwenye safu ya besi tukaimba.

Mlokole wa Kweli:
Ndugu, nitasema kwa upendo: hukuwa umeokoka. 1 Yohana 3:9 inasema kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Tusiifanye Warumi 7 kuwa kichaka cha kujifichia, kwa sababu pale Paulo anaeleza hali yake kabla ya kumjua Kristo.

Mlutheri:
Waraka huohuo, 1:8, unasema kwamba tukisema hatuna dhambi tunajidanganya wenyewe, na Yohana aliwaandikia waamini. Tena kuanzia Warumi 7:14 Paulo anaongea kwa wakati uliopo. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliwahi kuisoma sura hiyo kama wewe, kisha uzeeni akabadili msimamo na kusema kwamba hayo ni maneno ya mtu aliye ndani ya neema. Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri wetu, naye alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa pamoja. Usimtoe mtu katika wokovu kwa mstari mmoja.

Mlokole wa Kweli:
Na Warumi 6:14 je, inayosema kwamba dhambi haitatutawala? Mafundisho yenu ndiyo yanayozalisha Wakristo wa Jumapili.

Mlutheri:
Kutotawaliwa si kutoshambuliwa. Anayetawaliwa hapigani.

Mama Mjane:
Wanangu, mnagombea sura huku mwenzenu ana deni la kwaya.

Mtoto wa Uamsho:
Mama amesema. Bibi yangu aliokoka katika Uamsho ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, na kwao kutembea nuruni kulikuwa ni kuitaja dhambi kwa jina lake mbele ya ndugu, na aliyeiba alirudisha. Simama mbele ya kwaya, useme kiasi ulichochukua na utakavyolipa.

Mkatoliki:
Tumsifu Yesu Kristo. Kulipa ni lazima, ila kusimama mbele ya wote kunahitaji busara, kwa sababu nimeona mtu akiungama hadharani na kufikia jioni habari imefika sokoni. Kanisa letu linafundisha kwamba ubatizo unaondoa dhambi lakini mwelekeo wa tamaa unabaki ili tushindane nao, ndiyo maana tunarudi kwenye kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri. Tafuta mtu mmoja anayejua kutunza siri.

Dada wa Jumuiya:
Mimi ninamshauri afunge na kuomba.

Mlutheri:
Mimi ninamshauri ale na alale mapema. Mwili uliochoka ndio unaoniangusha mimi.

Mweka Hazina:
Nilimwambia mwenyekiti na mchungaji, kisha mchungaji akanisindikiza kuwaambia wanakwaya. Niliwekwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, nikauza pikipiki na kulipa. Laini yangu ya fedha anaishika mke wangu, na namba ya siri ameibadilisha yeye. Hamu ingalipo, ndugu Mlokole, sitakudanganya. Jumamosi mchana, mechi zinapoanza, hunijia mpaka mikono inatetemeka, na saa hiyo huwa ninakwenda shambani simu ikiwa nyumbani. Mwanzisha mada, wewe umetaja usiku. Ni saa ngapi hasa?

Mwanzisha mada:
Saa tano, watoto wakishalala na mke wangu akiwa zamu kazini.

Mweka Hazina:
Nitumie namba yako faraghani. Nitakuwa nikikupigia saa tano kasorobo, tusome zaburi moja na tuombe, kisha simu uiweke sebuleni ikae huko mpaka asubuhi. Na Jumamosi saa tisa mchana, piga wewe kwa mke wangu uulize niko wapi.