Mwendo wa kilomita 50 kwa saa mbele ya shule ni ruhusa ya kuua. Shusheni iwe 30, tumechoka!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kila mtoto akigongwa, maneno ni yale yale. "Alivuka bila kuangalia." "Wazazi walikuwa wapi?" "Waenda kwa miguu wapewe elimu." Elimu gani? Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria gari linakuja kwa kasi gani, hata umfundishe usiku na mchana, akili yake haijafika huko. Mwenye leseni ni dereva. Halafu anayetakiwa kuwa makini ni wa darasa la kwanza?

Ninapopita mimi kuna zebra mbele ya shule ya msingi, rangi imefutika, imebaki mistari miwili mitatu. Watoto wanasimama ukingoni wameshikana mikono. Mmoja anatoa mguu, anaurudisha. Gari likiwa bado mbali, dereva anawapigia taa kubwa mara mbili. Msidhani anawaruhusu. Anawaambia rudini, nakuja! Na kwa kuwa kibao kinasoma 50, hata tochi ya trafiki ikimpiga hana kosa la mwendo. Tuliandika barua kuomba 30, tukajibiwa kwamba 50 ndiyo kawaida ya mjini.

Haya, tupige hesabu. Gari la 50 linakula karibu mita 14 kwa sekunde, na dereva akishtuka anahitaji kama sekunde moja mguu ufike kwenye breki. Gari la 30, lami ikiwa kavu, ndani ya mita hizo hizo linakuwa limeshasimama kabisa. Yaani pale aliposimama wa 30, wa 50 ndiyo kwanza anakanyaga breki, na aliyeko mbele anapigwa na 50 nzima. Nguvu ya kugonga nayo inapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo 50 inapiga karibu mara tatu ya 30. Ni kama kumdondosha mtu kutoka mita 10 badala ya mita tatu na nusu. Bado tu mnasema tofauti ni ndogo?

Wala si ndoto za mchana. Graz kule Austria walianza 30 kwenye mitaa yao tangu 1992. Brussels na Paris wakafuata 2021. Helsinki, ambako mitaa mingi sasa ni 30, walimaliza mwaka mzima hadi Julai 2025 bila kifo hata kimoja barabarani. Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani lilishasema wazi: watu na magari wanapochangamana, mwisho 30.

Ila wahusika wasije wakabandika kibao, wakapiga picha, wakaondoka. Barabara pana iliyonyooka, dereva anaikimbiza tu, kibao kiseme kinachosema. Tunataka matuta, zebra iliyoinuliwa, na barabara ifinywe pale pa kuvukia.

Najua wale wa "foleni itaongezeka" wako njiani. Karibuni, lakini mje na hoja. Mjini kinachokuchelewesha ni taa na makutano. Unakanyaga 50 kati ya taa moja na nyingine, unafika, unakuta nyekundu, unasubiri na yule yule uliyempita kwa fujo. Sasa umeokoa dakika ngapi hapo? Wekeni namba zenu hapa chini.